SOMO LA NYUMBANI: MKATE NA FURU ISIYOTII



Katika namba hii tunaleta somo la mkate. Tunajua wengine watacheka na kusema: "Mkate nao ni somo?" Ndiyo, ni somo. Liko na fizikia ndani, liko na kemia na hesabu, tena liko na franga. Hapa Kasongo na kule Kabambare kuna mama wengi wanaolipa minervale ya watoto wao kwa mikate na mandazi ya asubuhi. Shule za msingi za serikali zimekuwa za bure tangu 2019, lakini sekondari bado tunalipa. Basi furu ikiharibu mikate ya siku moja, hasara haikai jikoni tu. Inafika mpaka darasani, siku ile majina ya wasiolipa yanaposomwa. Wengi wetu tunaijua asubuhi hiyo.

Tuanze na unga wenyewe. Unga wa ngano, ule wanaouita farini sokoni, hautoki kwetu. Nchi yetu iko chini, ina joto na mvua nyingi. Inatoa mchele, mihogo, mahindi, karanga na ngazi, lakini ngano inapenda baridi ya milima. Gunia linatoka mbali, linapita barabara ambazo wote tunazijua, mara juu ya lori, mara juu ya baiskeli inayosukumwa siku nyingi katika matope. Mvua ikikata daraja, au vita ikifunga njia, bei inapanda kesho yake. Kwa hiyo mtu anayeunguza kilo tano za unga hapa, hasara yake si sawa na ya mtu wa Bukavu au Dar es Salaam anayeweza kwenda dukani jioni ileile kununua ingine.

Sasa, mama akitoa mikate iliyoungua chini na mibichi katikati, anasema nini? "Furu yangu mbaya." Jirani yake anasema: "Levire ya siku hizi si nzuri." Bibi anasema kuna mtu aliyepita na jicho baya. Sisi tunasema mkate ulioharibika ni kama barua. Umeandikwa na furu, na anayejua kuisoma ataona moto ulikuwa wapi, ulizidi wapi, na ulikosa wapi. Furu zetu hazina saa ya kupima joto. Leo zinawaka kwa hasira, kesho zinalala. Yule anayefaulu amejifunza tabia ya furu yake, kama vile mwenye mtumbwi anavyojua pahali maji ya Lualaba yanapozunguka.

Watu wengine wanawaza kwamba bila furu ya chuma kutoka Ulaya hakuna mkate. Siyo vile. Daktari Livingstone, ambaye sisi wa Maniema tunamjua kwa sababu alikaa Kabambare mgonjwa wa vidonda vya miguu tangu Julai 1870 mpaka Februari 1871, aliandika habari ya mkate katika kitabu chake cha 1857. Wakati ule alikuwa hajafika kwetu bado. Alikuwa amekaa Kolobeng, katika nchi inayoitwa Botswana leo. Anaeleza kwamba mara nyingi walioka mkate ndani ya kichuguu kilichochimbwa tundu, na mlango wake ulikuwa jiwe bapa. Namna ingine: wanawasha moto juu ya udongo mpaka udongo unapata joto sana, wanaweka donge katika kikaango, wanafunika kwa chungu cha chuma, wanavuta majivu ya moto pembeni, kiisha wanawasha moto kidogo juu yake. Chachu yao ilikuwa donge kidogo lililobaki kutoka mkate wa kwanza, na unga uliokandwa uliachwa katika jua saa moja au mbili. (Ndiye huyo aliyesema kwamba akiwa Manyema alisoma Biblia nzima mara nne. Mvua za kwetu zinampa mtu nafasi ya kusoma.)

Tazameni vizuri jambo moja katika habari hiyo: moto uliwekwa chini na juu. Hapo ndipo somo letu linapoanza.

Joto linafika kwenye mkate kwa njia tatu. Ya kwanza ni kugusana: chuma kiko na moto, mkate unakaa juu ya chuma, joto linapita. Hiyo ni njia ya haraka, na ndiyo inayounguza chini. Ya pili ni hewa ya moto inayotembea ndani ya furu. Inapanda juu, inashuka pembeni, inatoka mlangoni kama mlango haufungi vizuri. Ya tatu ni ile joto la ukuta linaloruka bila kugusa, sawa na jua linavyotupiga tukisimama katika kiwanja cha mpira. Joto hilo la ukuta ndilo linalogeuza rangi ya ngozi ya mkate juu. Furu nzuri inatoa zote tatu kwa kiasi. Furu isiyotii inatoa moja kwa wingi na kuzinyima zingine.

Na ndani ya mkate kunatokea nini? Chachu inakufa joto likifika karibu digri 55 au 60. Kabla ya kufa inafanya kazi kwa nguvu, ndiyo maana mkate unavimba haraka dakika za kwanza. Karibu digri 60 mpaka 70 wanga wa unga unashika, kama bugali inavyoshika katika sufuria. Mkate unakuwa tayari pale katikati panapofika karibu digri 95. Hapawezi kupita 100, kwa sababu ndani kuna maji, na maji yakichemka yanakuwa mvuke. Lakini ngozi ya nje inakauka upesi, na ikikauka inaweza kupanda zaidi sana. Inaanza kuwa nyekundu kama digri 140, kiisha inakuwa kahawia, kiisha nyeusi. Basi kuna mashindano ya mbio kati ya nje na ndani. Moto mkali unamshindisha yule wa nje: mkate mweusi, katikati uji. Moto mdogo unawachelewesha wote wawili, na maji yanapotea njiani: mkate mweupe, mgumu, mkavu kama ubao.

Furu ya kwanza ambayo kila nyumba inaweza kuwa nayo ni sufuria kubwa juu ya mbabula. Chini ya sufuria wanamwaga mchanga mkavu, unene wa vidole viwili. Juu ya mchanga wanaweka mawe matatu madogo, na kopo la mkate linakaa juu ya mawe, lisiguse chuma. Wanafunika kwa kifuniko cha bati, na juu ya kifuniko wanaweka makala yanayowaka. Kosa linaloonekana kila pahali ni kuacha makala yote chini. Mtu anawaza moto unapanda, basi chini panatosha. Lakini chini kuna njia ya kugusana, na juu hakuna kitu. Gawanya makala yako mafungu matatu: fungu moja liwe chini, mawili yawe juu. Kwa keki punguza hata lile la chini. Mchanga nao uko na kazi mbili: unazuia joto kupita mara moja, na unaliweka akiba. Upepo ukija na kupuliza mbabula, mchanga hauoni haraka, na mkate hauoni kabisa.

Nabii Hosea, katika sura ya 7, anafananisha Efraimu na mkate ambao haukugeuzwa. Tumesikia mahubiri mengi juu ya mstari huo wa 8, na wahubiri wanapita upesi kwenye Efraimu. Lakini mama aliyepika juu ya majivu anaelewa mara moja: upande mmoja makaa, upande wa pili donge bichi. Watu wa Israeli walijua furu isiyotii muda mrefu kabla yetu. Tena katika Mathayo 6:30 Bwana Yesu anataja majani ya shamba kama kuni za furu. Moto wa majani unawaka haraka na kufa haraka. Mwenye kuutumia lazima awe na mkate tayari mkononi.

Furu ya pili ni ya pipa. Pipa linalazwa, moto unakaa chini, bati la mikate linakaa ndani. Vijana wanaipenda sababu inatengenezwa siku moja na fundi wa kulehemu. Sisi hatuipendi sana. Chuma chembamba hakina akiba: moto ukiwaka kinawaka, ukizimika kinapoa, na ule upande ulio karibu na kuni unakula mikate miwili mitatu kila mara. Anayeilazimika aipake udongo mzito nje, unene wa mkono, aweke matofali au mchanga chini ya bati, na ageuze makopo nusu ya muda: ya nyuma yaje mbele, ya kushoto yaende kulia. Na hapana kuchukua pipa lililobeba dawa ya wadudu au sumu yoyote, hata likioshwa mara saba. Pipa la esanse nalo ni hatari kubwa kulikata kwa moto, maana hewa ya esanse inayobaki ndani inaweza kulipuka na kumuua fundi.

Kabla ya kuingia katika furu ya matofali, tuseme kwanza ni makosa gani si ya furu. Maana furu inasingiziwa mengi.

Mkate uliopanda vizuri nje, kiisha ukaanguka ndani ya furu, mara nyingi umeumuka kupita kiasi. Vitabu vya Ulaya vinasema acha donge saa mbili. Vitabu hivyo vimeandikwa pahali jiko lina baridi. Kwetu, katika joto la mchana, chachu inakimbia. Saa moja inaweza kutosha, na saa mbili zinachosha donge mpaka halina nguvu ya kubeba hewa yake. Hapana kutazama saa. Tia kidole katika donge. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi polepole na kuacha alama kidogo, tia katika furu sasa. Likibaki bila kurudi, umechelewa: kanda tena, lipe muda mfupi, ndipo uoke. Na hapa ndipo furu isiyotii inapoleta taabu kubwa, kwa sababu donge halingoji. Furu ikichelewa kupata moto nusu saa, donge limekwisha kupita. Wenye ujuzi wanawasha furu kwanza, wanakanda baadaye. Donge likikimbia na furu bado iko baridi, lifunikeni kwa kitambaa chenye maji, liwekeni juu ya udongo wenye baridi ndani ya nyumba, pahali maji ya kunywa yanapokaa.

Mkate uliopasuka ubavuni kama mdomo wa chura una habari ingine. Ngozi ilikauka mapema, na ndani bado ilitaka kupanda. Ikatafuta mlango, ikapasua. Mara nyingi donge lilikuwa halijaumuka vya kutosha, au furu ilikuwa kavu sana. Ukate juu kwa wembe safi kabla ya kuutia, na uweke kopo la maji ndani ya furu dakika za kwanza. Mvuke unailainisha ngozi. Mkate wenye harufu ya pombe na ladha kali umekaa muda mrefu. Mkate ulio kama gundi ndani umetolewa mapema, au umekatwa ukiwa moto. Wanafunzi wenye njaa wanaijua dhambi hiyo. Njia ya kujua kama mkate umeiva ni kuugeuza na kuugonga chini kwa kidole. Ukilia kama ngoma ndogo, toa. Ukilia kama boga, rudisha.

Juu ya chachu. Levire kavu ya dukani ni nzuri ikiwa haijazeeka, lakini inafika kwetu baada ya safari ndefu katika joto, na paketi ikifunguliwa inakufa polepole. Mjaribu kabla ya kumwaga unga: tia kijiko kimoja katika kikombe cha maji ya uvuguvugu na sukari kidogo. Baada ya dakika kumi lazima kuwe na povu. Hakuna povu, hakuna mkate, na unga wako bado uko salama katika gunia. Huo ndio mtihani wa bei rahisi kuliko yote. Maji yasiwe ya moto sana. Yakiunguza mkono yanaiua chachu.

Levire ikikosekana, kuna njia ya Livingstone, donge la jana, ambalo linahifadhiwa katika chungu na kulishwa unga na maji kila siku. Kuna njia ingine, na tunaiandika tukijua baraza la wazee litasoma gazeti hili: malafu, lile tembo la ngazi, likiwa bichi la asubuhi, limejaa chachu ya namna ileile inayouzwa dukani. Ndiyo maana linachemka lenyewe katika kibuyu. Ukikandia unga kwa hilo badala ya maji, donge linaumuka. Mtu atauliza: na pombe? Tunajibu kwa kemia tu. Chachu yote, hata ya paketi, inakula sukari na kutoa vitu viwili, hewa ya kaboni na pombe. Kila mkate duniani ulioumuka umefanya pombe kidogo kabla ya kuingia motoni, na sehemu kubwa ya pombe hiyo inaondoka na mvuke. Mengine tunawaachia wazee.

Na mihogo? Watu wanachanganya unga wa muhogo na wa ngano sababu ya bei. Inawezekana, lakini kwa kipimo. Ndani ya ngano kuna protini ambayo ikikandwa na maji inavutika kama mpira na kushika hewa. Muhogo hauna protini hiyo, mahindi hayana, mchele hauna. Sehemu moja ya muhogo katika kumi, mlaji haoni. Mbili katika kumi, mkate unaanza kuwa mzito. Zaidi ya hapo unapika kitu kingine, kizuri labda, lakini usikiite mkate mbele ya mnunuzi. Ni afadhali kumwambia ukweli na kupunguza bei.

Sasa furu ya matofali, au ya udongo wa kichuguu. Hii ndiyo tunayoipenda, ingawa ndiyo inayotaka akili zaidi. Watu wa pwani wana yao ndogo ya udongo, na mkate wa mtama unaookwa humo wanauita mkate wa mofa. Yetu ni kubwa zaidi, ya mviringo kama kichwa, mlango mmoja mbele.

Udongo wa kichuguu unafaa kwa sababu mchwa wamekwisha kuusaga na kuushikamanisha. Mafundi wa matofali wanajua. Lakini peke yake unapasuka ukikauka. Changanya na mchanga na majani makavu yaliyokatwa mafupi. Chini ya sakafu ya matofali tia mchanga mwingi, au vipande vya chupa vilivyofunikwa kwa mchanga, ili joto lisishuke ardhini. Urefu wa mlango uangalie sana: mafundi wanaufanya kama 63 kwa 100 ya urefu wa ndani. Kama ndani ni sentimeta 40, mlango uwe karibu 25. Ukiwa mrefu zaidi, joto linakimbia. Ukiwa mfupi, moto unakosa hewa na kutoa moshi tu. Furu ikiisha kujengwa, iache ikauke majuma mawili au zaidi chini ya paa la majani. Kiisha washa moto mdogo siku nne tano, kila siku ukizidi kidogo. Yule mwenye haraka anayewasha moto mkubwa siku ya kwanza anageuza maji ya ukutani kuwa mvuke, na mvuke unapasua ukuta. Nyufa nyembamba si kitu. Zibeni kwa udongo laini. Ufa unaoingia kidole unaiba joto.

Siku ya kuoka, moto unawashwa ndani kabisa, pahali mikate itakapokaa. Kuni ziwe kavu. Litri moja ya maji iliyojificha katika kuni mbichi inataka kilojuli kama 2.570 ili ipate moto na kuwa mvuke, na kilo moja ya kuni kavu inatoa kama 16.000 tu. Kwa hiyo kuni mbichi zinapika maji yao kwanza, na furu inapata masalio na moshi. Katika majira ya mvua weka kuni za kesho juu ya furu ya leo.

Mwanzoni paa la ndani linakuwa jeusi kwa masizi. Endelea. Baada ya saa moja na nusu au mbili, kufuatana na unene wa ukuta, weusi unaanza kupotea kutoka juu kushuka pembeni, na matofali yanarudi rangi yake. Hiyo ndiyo saa ya furu. Masizi yameungua, maana ukuta umepita digri 300. Pahali peusi palipobaki panakuonyesha upande wa baridi; sukuma makala huko dakika chache.

Kiisha toa makala yote, pangusa sakafu kwa tambara lenye maji lililofungwa katika mti, funga mlango, na ngoja. Hapa wengi wanashindwa. Wanaona furu iko na moto, donge liko tayari, wanatia mara moja. Lakini wakati ule joto liko juu ya ngozi ya matofali, halijagawanyika. Ngoja robo saa, hata nusu. Kisha uliza furu.

Namna ya kuuliza ni mbili, na zote hazina bei. Tupa unga kidogo kwenye sakafu. Ukiwa mweusi mara moja, fungua mlango, ngoja. Ukigeuka kahawia polepole huku unahesabu mpaka ishirini au thelathini, tia mikate. Ukibaki mweupe, umechelewa, oka vitu vidogo. Namna ya pili ni mkono. Uingize mlangoni, usiguse ukuta, hesabu pole. Usipofika nne, moto umezidi. Ukifika saba au nane, ni wa mkate. Ukipita kumi na mbili, ni wa mandazi ya furu na keki ndogo. Lakini mikono haifanani. Mkono wa mama aliyepika miaka thelathini unavumilia kuliko wa mwanafunzi wa darasa la tatu, kwa hiyo kila mtu ajifunze hesabu ya mkono wake na aiandike.

Mama mmoja wa mtaa wetu, aliye na furu ya namna hii, tulimuuliza: "Mama, unajuaje leo inafaa?" Akajibu: "Watoto wangu, mimi natia moja kwanza. Huyo ndiye mjumbe. Akirudi salama natuma wengine." Anaoka mkate mmoja mdogo dakika nane, anautazama chini na juu, ndipo anaingiza wote. Akipoteza, amepoteza donge la ngumi moja. Tukamuuliza tena kama haipotezi joto kwa kufungua mlango mara mbili. "Inapoteza," akasema, "lakini joto naweza kuongeza. Unga nani ataniongezea?"

Tena furu ya matofali haipikwi mara moja na kuachwa. Inashuka polepole, na kila digri ina kazi: kwanza mikate, kiisha mandazi, kiisha mihogo na ndizi ndani ya majivu, na usiku karanga za kukauka au kuni za kesho.

Neno fupi juu ya furu za umeme, kwa sababu wengine wenu wana ndugu Bukavu, Uvira, Goma, na mnaenda huko wakati wa likizo. Wanawaza ile iko na kifungo cha namba, basi inatii. Kifungo kinasema 200, lakini ndani joto linapanda na kushuka, sababu waya unawaka, unazima, unawaka tena. Na umeme ukishuka, joto linashuka zaidi kuliko mnavyowaza, kwa sababu nguvu ya waya inafuata volti mara zenyewe. Furu ya wati 2.000 imetengenezwa kwa volti 220. Zikibaki 180: 180 mara 180 ni 32.400, 220 mara 220 ni 48.400. Gawanya. Imebaki kama 67 kwa 100, yaani wati 1.340 tu. Taa inaonekana inawaka bado, mkate hauivi, na dada wa mjini analaumu unga. Dawa ni ileile ya kwetu: tia matofali mawili safi, makavu ndani ya furu, yapate joto kwa saa nzima, yashike akiba.

KAZI YA NYUMBANI. Kwa darasa la fizikia: tafuteni furu hiyohiyo ya wati 2.000 inabaki na wati ngapi volti zikishuka mpaka 160. Kwa wote: chukueni bati au kifuniko kikubwa cha sufuria, mwage juu yake unga wa muhogo, mwembamba na sawasawa, wa ngano msiuguse. Liwekeni katika furu au sufuria ya nyumbani pahali mkate unapokaa, na mtazame kila dakika tatu. Andikeni ni upande gani unaanza kugeuka rangi, upande gani unafuata, na upande gani unabaki mweupe. Kisha mchore furu yenu kama ramani, mlango chini, upande wa moto mkali kwa penseli nyekundu, wa baridi kwa ya bluu. Ombeni ruhusa kwa mama kwanza, na mfanye hivyo baada ya mikate yake kutoka, siyo mbele. Ramani ziletwe kwa mwalimu wa sayansi Jumatatu. Zitabandikwa katika ukuta wa maktaba, bila majina, ila kwa namna ya furu: sufuria, pipa, udongo, matofali.